Madini ya unga kwa mbuzi wangu wadogo: miezi tisa hapa Bahati

Jirani yangu aliponiona nashuka kwenye bodaboda na mfuko wa madini ya mifugo, alicheka mpaka akashika ua. "Mama, Bonde la Ufa lote ni chumvi. Wewe unanunua chumvi ya nini?" Sikumjibu. Wiki mbili nyuma ningesema vilevile.

Nafuga mbuzi saba hapa Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Si wale Toggenburg na Alpine wa maziwa waliojaa kule Nyeri na Meru. Ni hawa wetu wafupi wa kienyeji. Jike wangu mkubwa kabisa hafiki kilo 30. Kwa udogo wao nikawachukulia kama viumbe wasiohitaji chochote. Wanakula nyasi za nepia, majani ya viazi vitamu, matawi ya kaliandra niliyoipanda kwenye kingo za matuta, na maganda ya jikoni. Upande wa chumvi nilikuwa nimewaning'inizia jiwe la kulamba, lile la ng'ombe lenye rangi ya matofali, nikajiona nimemaliza.

Baada ya miezi mitano jiwe lilikuwa karibu vilevile. Ulimi wa ng'ombe ni msasa, analamba jiwe mpaka linakuwa na shimo. Ulimi wa mbuzi ni laini, anapitapita juu juu kisha anachoka. Wangu waliona heri kulamba ukuta wa udongo na kutafuna nguo kwenye kamba. Jike mmoja mweusi akaanza kugeuka rangi, weusi ukawa kama kutu, na nywele za ncha ya mkia zikapungua katikati hadi mkia ukafanana na wa samaki. Mwingine alikonda huku nepia imejaa mbele yake.

Daktari wa mifugo alipokuja hakutaja madini kwanza. Alivuta kope la chini la yule aliyekonda, akanionyesha ndani: peupe. Minyoo wanaonyonya damu. Tukawapa dawa wote saba siku hiyohiyo. Ndipo akanieleza habari ya yule mweusi, kwamba rangi kupauka na mkia wa samaki mara nyingi ni upungufu wa shaba mwilini. Kisha akanichekesha: kuna ugonjwa wa mifugo uliobatizwa jina la mji wetu, Nakuruitis. Enzi za wakoloni ng'ombe wa huku walikuwa wakikonda katikati ya malisho mazuri, na baadaye ikajulikana wanakosa madini yaitwayo kobalti. Bila kobalti vijidudu vya tumboni mwa mnyama haviwezi kutengeneza vitamini B12, na mnyama anapoteza hamu ya kula hata ukimlaza juu ya nyasi. Kwa hiyo ndiyo, bonde ni chumvi, na meno yetu ya kahawia yanatoa ushahidi kwamba maji ya huku yana floridi tele, lakini chumvi ya ardhini si lazima iwe ile anayoitafuta mbuzi.

Sasa bidhaa yenyewe. Ni madini ya unga, mfuko wa kilo 2, niliupata kwa shilingi 450. Nilisimama kaunta nikasoma karatasi ya nyuma hadi muuzaji akaanza kukohoa. Nilitaka kobalti, shaba, zinki na seleniamu, kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi, na yuria isiwemo kabisa. Jambo lililonishangaza: mfuko ulioandikwa "kondoo na mbuzi" haukuongezwa shaba. Kondoo hawaivumilii, inajikusanya kwenye ini mpaka siku moja anakufa ghafla, basi watengenezaji wanaiacha na mbuzi wanaumia kwa ajili ya kondoo. Nikachukua wa ng'ombe, baada ya kumpigia daktari simu na kupewa kipimo: kijiko cha chai kimoja, cha kusawazishwa si cha kurundika, kwa kila mbuzi mzima kwa siku. Kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko ni cha ng'ombe. Ukikifuata kwa mnyama wa kilo 25 utamdhuru.

Mwanzoni niliwachanganyia kwenye konzi ya pumba jioni. Baadaye nilipigilia kisanduku cha mbao ukutani, urefu wa kifua chao, chini ya paa. Ukikiweka chini watakinyea, na mvua ikikifikia unga unaganda kama simiti.

Matokeo? Nywele hazina haraka. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Karibu mwezi wa tatu yule mweusi alianza kuota nywele mpya nyeusi kutoka chini, na leo kutu imebaki mgongoni tu. Kulamba ukuta kuliisha mapema, ndani ya siku kumi hivi. Yule aliyekonda amenenepa, lakini hapo siwezi kuusifu unga peke yake, kwa sababu dawa ya minyoo nilimpa wakati uleule. Maziwa hayajaongezeka, na sikutarajia.

Kuna jambo unga haukuliponya, na kosa ni langu. Nilikuwa na dume niliyemhasi akiwa mdogo, namnenepesha kwa ajili ya Krismasi, gorogoro nzima (ule mkebe wa kupimia nafaka) ya pumba za mahindi kila siku. Mwezi wa Novemba akaanza kujikunja, anasimama kama anayekojoa, yanatoka matone, analia. Vijiwe kwenye njia ya mkojo. Pumba zina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na hawa wadogo waliohasiwa mapema wana njia nyembamba sana. Daktari alimkata kile kimshipa chembamba cha kwenye ncha ya uume na mkojo ukapita. Aliponea chupuchupu. Sasa pumba ni konzi moja, na maji safi hayakosekani bandani.

Malalamiko yangu mengine: mfuko haufungiki tena ukishafunguliwa (mimi nahifadhi kwenye mkebe wa kasuku), na maandishi ya nyuma ni madogo kama mayai ya chawa. Pia safari ya pili nilikubali kupimiwa kutoka gunia lililo wazi, duka jingine, nikafungiwa kwenye karatasi ya khaki. Ulikuwa mweupe pe, na ladha yake chumvi ya mezani. Mbuzi waliulamba, kuta wakazirudia. Sitarudia kununua kitu kisicho na karatasi ya maelezo.

Shida inayobaki ni kondoo wa mama mkwe. Anataka achungwe na mbuzi wangu, na mimi namfunga mbali na kisanduku. Nimemweleza mama habari ya shaba mara tatu. Bado anaamini namnyima kondoo wake chakula kizuri.

Mfuko wa tatu nimeufungua wiki jana, sasa ni shilingi 480. Jirani amekuja na kikombe kuomba kidogo cha kujaribu. Nikamuuliza kama bado anao wale kondoo wawili kwenye banda la mbuzi. Anao. Akarudi na kikombe kitupu, amenuna.