Kuwasikia wenzetu: Malindi au Lamu?

Mwanamuziki anayezunguka pwani na gitaa lake, akiwa na usiku mmoja tu wa mapumziko na hamu ya kuwasikia wenzake, hulazimika kuchagua. Malindi ni rahisi: basi humshusha mjini, na bendi hupatikana kwenye mahoteli na baa, zikiwa na vipaza sauti na saa zinazojulikana. Tatizo ni kwamba bendi ya hoteli hupiga anachotaka mgeni, na nyimbo zake yenyewe husikika kwa nadra, pengine usiku wa manane meza zikiwa zimeanza kubaki tupu.

Lamu inataka subira. Kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, ni lazima kupanda boti, na habari za ngoma huzipata kwa watu, ambao humwelekeza aliyeanza kwa salamu. Lakini penye harusi, hata mwanamume aliyesimama nje atawasikia kina mama wakipiga vugo: pembe zinagongwa kwa vijiti, mlio mkavu unarudi kutoka kwenye kuta za mawe za vichochoro, na beti zinapokezanwa bila kipaza sauti chochote. Wakati wa Maulidi, matari ya Msikiti wa Riyadha huzipeleka safu nzima za watu kwa mdundo mmoja, ingawa hapo mtu huenda kama mgeni wa ibada, si mtazamaji wa tamasha.

Anayetafuta mpiga besi wa kushirikiana naye wiki ijayo aende Malindi, kwani atapata namba yake ya simu kabla ya kulala. Mimi hupanda boti.