Kichanja cha mizabibu kwa fundi wa mageti: chuma safi, waya simamia mwenyewe

Fundi niliyempa kazi ya kunijengea kichanja cha kupandishia mizabibu anachomelea mageti na madirisha hapa Dodoma, na hajawahi kulima zabibu hata mche mmoja. Naanza na hilo kwa sababu uzuri na ubaya wa kazi yake vyote vinatokea hapo. Jina nalihifadhi.

Eneo ni nyuma ya jiko, mita 5 kwa 4, mizabibu minne: mitatu ya aina ya Makutupora nyekundu, mmoja wa aina ya Chenin Blanc. Nguzo za miti nilizikataa mapema. Mchwa wa huku hawana mchezo, wanauanza mti kwa chini, wewe unauona umesimama tu mpaka siku upepo unapokuja. Nguzo za milingoti zilizotiwa dawa zinahimili, majirani wanazo, ila vipande vinavyobaki havifai kuwa kuni maana dawa ile huwa na sumu ya aseniki, na kwangu kila kijiti kikionekana kinaishia jikoni. Nikaamua chuma.

Kwenye chuma, jamaa anajua. Nguzo bomba la mraba la inchi 2, boriti za juu inchi moja na nusu. Dukani aliyakataa mabomba ya kwanza tuliyoonyeshwa. Aliyagonga kwa ufunguo, akachungulia mdomo wa bomba, akamwambia muuzaji, "Unene huu wa milimita mbili ni wa maneno tu." Tukaletewa mengine kutoka stoo. Mashimo alichimba sentimita 60, akamwaga zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), na juu ya zege akaacha mteremko kuzunguka nguzo ili maji yasituame pale chuma kinapoingia ardhini. Kutu huanzia hapo, wengi hawajali. Vichwa vya nguzo akavifunika kwa vibati akachomelea pande zote, kwa hiyo mvua haiingii ndani na manyigu hayapati nyumba. Maungio yote alipiga brashi ya waya kwanza, akapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, ndipo rangi ya juu. Mwanangu wa kidato cha tatu amejining'iniza katikati ya boriti na hakuna kilichotikisika.

Shida ni kwamba kichwani mwake kila kitu ni geti. Alitaka kimo cha mita 2.4. Nikamwambia fundi, huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, halafu wa nane na wa tisa, maana yake kupogolea nako ni mara mbili. Mimi sitapanda stuli na mkasi mkononi kila msimu. Tukashuka mpaka mita 2. Nafasi ya waya alipanga mita nzima, na katikati ameshakunja maua mawili ya nondo ya kupendezesha. Nilitaka sentimita 40 na maua sikuyataka. Alinuna kidogo.

Sasa huo waya. Alikuja na rola la waya wa kufungia nondo. "Mama, zabibu siyo mifuko ya saruji." Sawa, lakini waya ule ni laini makusudi ili upindike kirahisi, na hauna zinki ya kuzuia kutu. Uvute mita 5, utwishe matawi na vishada vilivyojaa, lazima ushuke katikati. Halafu vikono vya mzabibu vinajisokota kwenye waya na kukauka vikawa vigumu, hivyo ukikatika msimu ukiwa umechanganya, kuubadilisha ni kukata matawi yenye matunda. Waya wa mabati geji 12 nikaufuata dukani mwenyewe.

Hata hapo aliuzungusha kwenye bomba kwa koleo, basi. Hakuna cha kukazia. Msimu wa kwanza ulipoisha nyaya mbili za katikati zilikuwa zimelegea. Kinachotakiwa ni boliti ndefu yenye pete, ipite kwenye tundu la boriti: waya unafungwa kwenye pete, nati inakazwa upande wa nje kila ukilegea. Kumpata arudi kutoboa matundu ilikuwa kazi ya kupiga simu bila kupokelewa, na alipokuja akataka hela mpya. Nilimpa nusu ya aliyotaja.

Jumla, vifaa na ufundi, ilifika kama laki sita na ishirini bila hizo boliti. Kwa chuma alichoweka siyo ghali.

Nyota nne kwa kuchomelea, mbili kwa mengine. Nikipata hela ya upande wa ukutani namwita huyohuyo, ila waya na boliti zitakuwa ndani kabla hajafika, vipimo nitavichora ukutani kwa chaki, na hela ya mwisho nampa nikishavuta kila waya kwa mkono wangu.