Kiambata kipi kinunuliwe kwanza kwa ajili ya punje za dawa

Katika kutengeneza punje za kujazwa kwenye kapsuli, unga wa dawa na viambata, yaani vitu visivyo dawa vinavyochanganywa nayo ili kuipa umbo, hukandwa kwa maji na kusukumwa kupitia matundu yenye upana wa takriban milimita moja, kisha nyuzi zinazotoka hukatika na kuviringika juu ya sahani yenye makwaruzo inayozunguka kwa kasi. Aliyewahi kukanda chapati anajua kasoro zake: maji yakipungua nyuzi hupasuka na kutoa vumbi, yakizidi punje hunatana. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mimi huuliza kiambata kinavumilia kosa la maji kwa kiasi gani.

Nafasi ya kwanza, bila mshindani wa karibu, ni ya selulosi ya mikrokristali, unga mweupe utokanao na nyuzi za mimea. Hunyonya maji kama sifongo, huyaachia kidogo inapobanwa tunduni ili kulainisha njia, na donge lake hufinyangika bila kuvunjika. Nunueni ile yenye chembe za wastani wa mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ya mikroni 100 hutiririka vizuri zaidi katika kugandamiza vidonge, lakini unga utakaoloweshwa hauhitaji sifa hiyo. Msibadilishe mtengenezaji bila jaribio, kwa maana aina yenye jina lilelile yaweza kudai maji tofauti. Kasoro yake ni kwamba punje hazimeguki tumboni, na dawa isiyoyeyuka kwa urahisi hutoka polepole mno.

Kwa dawa ya namna hiyo ningepandisha karajinani aina ya kapa, unga utokanao na mwani, ambayo punje zake huvunjika upesi, ingawa huhitaji maji mengi na ukaushaji mrefu. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, ni ya kuchanganywa tu na selulosi: huyeyuka katika maji yaleyale ya kukandia, na kosa dogo la kipimo huonekana mara moja. Kalsiamu fosfeti haiyeyuki wala haifinyangiki, na hula matundu ya mashine. Wanga wa muhogo, ambao kwetu Uganda hushawishi kwa ukaribu wake, nauweka mwisho; ukiwa mbichi haushikani, ukipikwa hunata.

Mzigo ukishafika Kampala kutoka Mombasa kupitia Malaba, fungueni mfuko mmoja na kupima unyevu wa selulosi kabla ya kuupokea: ikipoteza zaidi ya asilimia 7 ya uzito wake katika kukaushwa, irudisheni, hata kama cheti cha uchambuzi kinasema vingine.