Niliinua pikapu yangu ya zamani, difu ikabaki palepale

Hilux yangu ni ya mwaka 1991, injini inazungusha magurudumu ya nyuma tu. Mbele ina tosheni ba (fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi), nyuma springi za majani, na majani yenyewe yalikuwa yamechoka kiasi kwamba gari lilikaa kama kuku aliyeatamia. Kilichonichosha ni difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma) kukwangua udongo kila nikipita njia yenye tuta katikati ya alama za matairi. Nikanunua seti ya kuinulia: shako mbili ndefu (vipande vya chuma vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi), jani moja la kuongeza kila upande na yu-bolti mpya za kufungia springi kwenye ekseli. Mbele hakuna cha kununua, unakaza bolti za tosheni ba.

Nyuma kazi ilikwenda vizuri. Yu-bolti za zamani tulizikata kwa sababu kutu ilikuwa imezishika, na hata zingefunguka nisingezirudishia. Kabla ya kugusa senta bolti, ile inayoshikanisha majani katikati, bana majani kwa klampu ya nguvu, la sivyo yanafyatuka. Nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, ili ukubwa wa tairi usinidanganye: sentimita 6 zaidi. Shako zilikuwa ndefu kuliko za kiwandani kwa sentimita 5, lakini shako hukupa kama nusu tu ya urefu unaoongeza. Nyingine zote zilitoka kwenye lile jani.

Mbele ndiko nilikokosea. Fundi alikaza hadi ikapanda sentimita 5, akajifuta mikono: "Bosi, sasa imesimama." Imesimama kweli, shida ni kwamba haikukubali tena kukaa. Kukaza bolti hakuifanyi ba yenyewe iwe ngumu zaidi, kunahamisha tu mahali ambapo mkono unaoshika gurudumu unaanzia. Mkono wa juu ulikuwa umebakiza nafasi ndogo sana kabla ya kugonga raba yake, kwa hiyo gurudumu likiingia shimoni halina pa kushukia. Ngaa! Kila shimo. Shokomzoba nazo zilikuwa zimevutika karibu hadi mwisho, boljointi (viungo vya ile mikono) zimepinda, na usukani ukaanza kutangatanga. Nilivumilia wiki mbili, nikairudisha hadi sentimita 2.5, nikapeleka kupima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Hiyo alaimenti si ya kuahirisha. Nilipofika, matairi ya mbele yalikuwa tayari yameanza kulika upande mmoja.

Halafu kukawa na mtetemo. Nikifika kilomita 70 kwa saa, sakafu inanguruma chini ya miguu. Nilishuku magurudumu, nikabalansi bure. Kumbe shako ndefu zimeshusha ncha ya nyuma ya springi, ekseli ikazunguka kidogo na pua ya difu ikatazama juu, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) ikawa inafanya kazi kwa pembe isiyo yake. Kuna kabari za chuma za kurekebisha hilo, ila mimi nilizitoa shako kabisa. Nyuma ikabaki na sentimita 3.5 za lile jani, mtetemo ukaisha, na nyuma ikalingana na mbele.

Jambo ambalo karatasi ya seti haikusema hata neno moja ni breki. Pikapu nyingi za aina hii zina vali nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukikandamiza gari, vali inapeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Gari likiwa juu, inajua ni tupu na inapunguza. Ukiinua bodi, vali inadanganyika moja kwa moja. Nilibeba matofali, nikakanyaga breki kwenye mteremko, pua ikazama na nyuma ikawa kama haihusiki. Tulishusha sehemu inayoshikilia fimbo hadi ikarudi kwenye pembe ya awali. Mtengenezaji anayeuza seti hii bila kuitaja hiyo fimbo amenikera, na nyota mbili nimezikata hapo.

Na difu? Bado inakwangua. Nilipaswa kulifikiria hili kabla ya kufungua pochi: difu imo ndani ya ekseli, ekseli inakaa juu ya magurudumu, na springi hata ukizipandisha vipi zinainua bodi tu. Kilichoiinua ni matairi. Nilitoka 205/70R15 kwenda 215/75R15, kipenyo kikaongezeka kama milimita 35, difu ikapata nusu yake, takriban 18. Ni kidogo, lakini ule mkwaruzo niliouzoea umepungua sana. Spidomita sasa inasoma pungufu kwa asilimia 5 hivi: ikionyesha 100, naenda 105.

Seti naipa nyota tatu, zote za lile jani. Gari likiwa tupu linadunda kuliko zamani, likibeba mzigo linatulia na halilali tena nyuma. Taa za mbele nilisahau kuzishusha hadi madereva wa upande wa pili walipoanza kunimulika.