Slasha ya futi ngapi kwa trekta ndogo? Soma kwanza kabla hujalipa

Kila masika yakikaribia watu wa huku kwetu, Mwakirunge, Likoni, Mtwapa mpaka kule Kwale, huanza kuulizana slasha ya trekta, ile mashine ya kukatia nyasi inayofungwa nyuma, ichukuliwe ya upana wa futi ngapi, na jibu wanalopewa ni lile lile, chukua kubwa umalize kazi haraka. Mie jibu hilo lilinipotezea pesa na msimu mzima ndo maana nimekaa kuandika. Ushauri wangu ni huu: trekta ikiwa chini ya hp (nguvu za farasi) 30 chukua ya futi 4, ikiwa kati ya 30 na 40 chukua ya futi 5, ya 6 waachie wenye trekta za hp 45 kwenda juu. Sasa tuelezane kwa nini.

Trekta yangu ni ya hp 27. Nlienda kwa muuzaji mmoja hapa mjini akaniambia, "Bosi, beba hii ya futi 6, eka tano utazimaliza kabla ya adhuhuri." Bei haikupishana sana na ya 5, nikabeba. Siku ya kwanza shambani nyasi zilikuwa zanifika kifuani, nikaingia na gia niliyozoea, mita kumi hivi injini ikaanza kukoroma, moshi mweusi juu, nikakanyaga klachi, nikarudi nyuma, nikajaribu tena, hali ni ile ile. Mwisho nikawa natambaa na gia ndogo kabisa, na nikigeuka kutazama nyuma naona nyasi hazijakatika, zimelazwa tu, na baada ya siku mbili zikainuka tena kama hazijaguswa.

Sababu ni kwamba slasha haina makali ya wembe, inakata kwa kasi ya bledi kuzunguka. Bledi zake ni vyuma vizito vinavyoning'inia kwa boliti, na PTO, ule mhimili wa nyuma ya trekta unaoizungusha slasha, lazima izunguke mara 540 kwa dakika ndo zichape nyasi zikatike. Injini ikizidiwa mzunguko unashuka, na mzunguko ukishuka bledi inasukuma nyasi badala ya kuzikata.

Hebu pigeni hesabu na mie. Ya futi 4 ukienda kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuka na kupitia juu ya ulipokwisha kata, unapata kama eka 1.2 kwa saa. Ya futi 5 mwendo huo huo, eka 1.5. Ya futi 6, eka 1.8. Kwa hio eka tano tofauti ya futi 4 na futi 5 haifiki hata saa moja! Na ile yangu ya futi 6 kwa sababu ilinilazimu kutambaa kilomita mbili na nusu kwa saa, nlikuwa nafanya eka 0.9 tu. Yaani kubwa ilikuwa polepole kuliko ndogo, na dizeli ilikunywa zaidi. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanahesabu upana wa slasha wanasahau mwendo wa trekta.

Afu kuna hii ya hp. Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini, lakini slasha haili nguvu ya injini, inakula nguvu ya PTO, ambayo huwa pungufu kwa asilimia 15 hadi 20 hivi. Kubota B2601 kwa mfano injini yake ni kama hp 24 lakini PTO haifiki hata 20. Iko kwenye kitabu cha trekta, itafute hio namba. Ukishaipata, hesabu hp 5 za PTO kwa kila futi moja ya slasha, hio ni kwa nyasi za kawaida. Shamba lililolala miaka miwili limeota miche ya mwarobaini yenye unene wa kidole gumba, hesabu 6 au 7 kwa futi. Trekta yangu PTO ni kama 22, gawanya kwa 5, jibu lenyewe lilikuwepo tangu mwanzo.

Kwa hio nikiziweka kwa daraja, ya kwanza kwangu ni ya futi 4, lakini ile iliyoundwa nzito. Sitaki ile ya bati jembamba la milimita 2, chukua yenye bati la milimita 4 au zaidi na gia boksi iliyoandikwa inakata vijiti vya inchi 1 hadi 2. Huku pwani tuna mawe ya matumbawe yamejificha ndani ya nyasi, visiki vya minazi, vifuu, makumbi, vyote hivyo slasha itakutana navyo. Chini pale katikati angalia kama bledi zimefungwa kwenye sahani ya duara iliyopinda kama sufuria iliyofudikizwa, sio kwenye mkono wa chuma mtupu, sahani ile ikikutana na kisiki inateleza juu yake, mkono mtupu unajipigiza. Futi 4 pia inapita vizuri chini ya mikorosho na miembe ambako matawi yako chini na huna pa kugeukia. Kasoro yake, pima matairi yako ya nyuma kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje. Slasha ikiwa nyembamba kuliko hapo, matairi yatakanyaga nyasi ambazo bledi haifiki na utaacha michirizi miwili shamba zima. Trekta nyingi za hp 20 na kitu upana wake ni kama mita 1.2, futi 4 inatosha hapo hapo.

Ya futi 5 naiweka ya pili, na kwa mwenye hp 35 hio ndo ya kwanza wala asihangaike. Ya 6 ni ya tatu, inafaa Massey 135 au 240 ambazo matairi yake yako mbalimbali kiasi kwamba futi 5 inaacha michirizi. Ya 7 kwa trekta ndogo sitaki hata kuijadili.

Uzito nao usiuchukulie vivi hivi, mie huu ndo ulionitisha zaidi ya yote. Ya futi 4 huwa kama kilo 200, ya futi 6 inaweza kufika 350 na zaidi, na uzito wenyewe hauko pale kwenye mikono ya haidroliki, uko nyuma zaidi ya mita moja, unavuta kama mtoto aliyekaa mwisho wa pembea. Nlikuwa natoka shambani napanda kamlima kadogo ka murram slasha ikiwa imeinuliwa, nikahisi usukani umekuwa mwepesi ghafla. Nikageuza kulia, trekta ikaendelea mbele vile vile. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameinuka kama kiganja juu ya ardhi. Wallahi nilishusha slasha chini hapo hapo na jasho lanitoka. Kwa hio ukienda dukani nenda na trekta yenyewe, inua slasha, mtu atazame tairi za mbele, kama zimeanza kuwa nyepesi basi au ununue vyuma vya uzito vya mbele au urudi kwa saizi ya chini.

Ulizia pia klachi ya kuteleza kwenye shafti ya PTO, ile inayoteleza yenyewe bledi zikigonga kitu kigumu. Slasha za bei nafuu zinakuja na sheya boliti badala yake, ukigonga jiwe boliti inakatika na gia boksi inasalimika, sio mbaya, ila usikubali fundi akuwekee boliti ngumu zaidi ati isikatike tena. Yangu iliwekewa hivo, jiwe lililofuata likavunja meno ya gia boksi. Na kama trekta yako ni ya zamani yenye klachi ya hatua moja, inayokata magurudumu na PTO kwa pamoja, nunua na kile kifaa cha shafti kinachoacha bledi zizunguke peke yake, la sivyo ukikanyaga klachi zile bledi zenye kasi zitaendelea kuisukuma trekta mbele, na kama mbele ni ukuta wa jirani utauingia.

Minyororo ya mbele na nyuma usinunue bila. Slasha inaweza kurusha jiwe mita 100, na mashamba yetu yamepakana na nyumba, madrasa, njia ya watoto wa shule. Muuzaji akikwambia minyororo ni ya hiari, kwako iwe lazima.

Ukiamua mtumba, shika ile sahani au mkono unaobeba bledi uutikise, ukicheza juu chini beringi zimekwisha. Fungua gia boksi, oili ikiwa nyeupe kama maziwa imeingia maji. Lala chini utazame pale mhimili unapotokea, kamba au waya huwa zinajizungusha hapo zinakata sili na oili yote inavuja bila wewe kujua. Pitisha mkono ndani ya bati, nyasi zilizogandia zikichanganyika na hewa ya chumvi bati linaliwa. Ukishanunua osha kila ukimaliza kazi, na usioshe kwa maji ya kisima yenye chumvi kama tuliyo nayo wengi, tafuta ya mvua au ya mfereji.

Na mpya nyingi huja gia boksi ikiwa kavu, bila oili hata tone. Jaza oili ya gia namba 90 pale pale dukani, funga shafti, iwashe mbele ya muuzaji izunguke dakika kumi, uguse gia boksi kwa mkono baada ya kuzima, ndo utoe pesa.