Ala ya ngozi ya bastola: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ala ya bastola ipime mdomoni kwanza, yaani pale bastola inapoingilia. Ukishachomoa bastola, mdomo unabaki wazi au unanywea? Ukinywea, kuirudisha kutahitaji mkono wa pili, na ngozi iliyolegea inaweza kujikunja ndani na kubonyeza triga wakati unaisukuma. Wapo waliojipiga risasi pajani kwa namna hii hii, wakiwa na ala kuukuu waliyoipenda kwa ulaini wake. Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na urembo.

Mitindo ije baadaye, tuanze na ngozi. Ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti ndiyo inayofinyangwa ikiwa mbichi kwa maji, na ikikauka inabaki na umbo hilo. Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromi, laini kama ya jaketi, haishiki umbo, na chumvi zake zinaweza kula chuma cha silaha inayolala humo. Kwa ala ya kuvaa nje ya nguo, unene wa milimita 3 hadi 4 unatosha. Ya kuchomeka ndani ya suruali inaweza kushuka hadi milimita 2.5.

Fundi anayejua kazi huilowesha ngozi, huingiza kielelezo cha plastiki chenye umbo la bastola yako, kisha huikandamiza kwa kipande laini cha mfupa akifuata kinga ya triga na tundu la kutolea maganda. Ndiyo maana atakuuliza modeli kamili na urefu wa mtutu kabla ya kugusa kisu. Asipouliza, ondoka. Ala inayodaiwa kukaa bastola zote haikai hata moja sawasawa.

Halafu angalia mshono. Ule wa mkono, wa sindano mbili, hupitisha uzi wa nta mara mbili katika kila tundu la msharasi, mmoja kutoka kila upande, kwa hiyo mmoja ukikatika mwingine bado unashika. Mashine nzito ikitumiwa vizuri nayo inadumu miaka, na sioni haya kuisifu. Ninachokataa ni mshono ulioachwa juu juu bila mfereji, unaosuguana na nguo mpaka uzi unaisha. Kingo nazo zisuguliwe kwa nta ya nyuki mpaka zing'ae. Fundi aliyeacha kingo zenye manyoya kuna uwezekano mkubwa amepunguza kazi na mahali pengine usipopaona.

Sasa mitindo, kwa jinsi ningeinunua mimi.

Ya kwanza ni Pancake. Ni vipande viwili bapa vilivyoshonwa pamoja, bastola ikikaa katikati, na mkanda ukipita kwenye nyufa mbili, mbele na nyuma. Nafasi hiyo pana ndiyo inayoivuta ala ikalala mwilini na kugawa uzito, kiasi kwamba bastola nzito hufichika chini ya shati la kawaida. Zenye nyufa tatu hukuruhusu kubadili mwinamo. Kasoro yake ni usumbufu wa kuivaa na kuivua, maana lazima ufungue mkanda. Pima pia upana: ufa wa milimita 38 kwenye mkanda wa milimita 32 utaifanya ala icheze siku nzima, hata kama fundi alikuwa bingwa.

Ya pili, na kwa mtu anayechomoa na kurudisha mara nyingi mazoezini ningeipandisha ya kwanza, ni Avenger. Ngozi moja imekunjwa, kitanzi cha mkanda kimeshonwa nyuma ya kinga ya triga, na juu umeongezwa utepe mnene wa ngozi unaozuia mdomo kunywea. Mtindo huu unahusishwa na Charles Askins, aliyekuwa askari wa doria ya mpaka wa Marekani.

Tom Threepersons, mlinzi wa sheria wa El Paso, Texas, ana mtindo wenye jina lake, uliotengenezwa na fundi wa matandiko ya farasi S. D. Myres miaka ya 1920. Ngozi ilipunguzwa mpaka ikabaki ile tu inayobeba rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ili mkono ufike haraka. Ni mzuri kuutazama, na bado unaigwa. Tatizo ni kwamba muundo wa asili uliacha triga wazi. Ukiutaka, mwambie fundi aifunike yote. Mkato huo wa zamani uachie makumbusho.

Ala ya kifuniko, kama M1916 ya jeshi la Marekani iliyotengenezewa bastola ya Colt M1911, ni ya mvua, vumbi na vichaka. Inachelewesha mkono, lakini bastola haianguki ukiinama wala kupanda ukuta. Kwa anayefanya kazi porini, ndiyo ya kwanza kabisa, Pancake isubiri.

Slim Jim ya California, ya miaka ya 1850, inabana rivolva kama soksi. Mexican loop ilishika baadaye, mikanda ya risasi ilipoenea: sehemu ya nyuma ni pana, ina nyufa, na mfuko hupitishwa humo. Zote ni za rivolva za zamani na maonyesho, na mafundi hufurahia kuzichonga maua. Nunua kwa kuzipenda, ujue hivyo.

Ya begani naiweka mwisho. Ile inayoshika bastola wima kwapani inavumilika. Ile ya mlalo huelekeza mtutu kwa aliye nyuma yako kwenye foleni.

Ala mpya ikibana, usiikimbilie mafuta, maana yanalegeza ngozi yote. Toa risasi zote, kagua chemba mara mbili, funga bastola kwa mfuko mwembamba wa nailoni, isukume ndani na uiache usiku mmoja. Ikilowa mvua, ikaushe kivulini, mbali na jiko na jua. Na bastola usiihifadhi ndani ya ala kabatini: ngozi hushika unyevu, chuma kinaota kutu, na risasi za shaba zinaota ukungu wa kijani.