Probayotiki: ipi inastahili pesa yako, ipi uiache dukani

Sababu yenye nguvu ya kununua probayotiki, yaani vijidudu hai vinavyoliwa kwa faida ya afya, ni moja: umeandikiwa antibayotiki na hutaki ikuharishe. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba, yalionyesha kwamba watoto waliopewa probayotiki pamoja na antibayotiki waliharisha 8 kati ya 100, na wasiopewa 19 kati ya 100.

Ya kwanza kwetu ni Saccharomyces boulardii, yenye alama CNCM I-745 inayotambulisha aina yake hasa. Ni ya jamii ya hamira, si bakteria, kwa hiyo antibayotiki haiiui. Mtu mzima hunywa miligramu 250 mara mbili kwa siku, kuanzia siku ya kwanza ya dozi ya antibayotiki. Usiikoroge kwenye uji wa moto wala chai, itakufa. Dawa za fangasi nazo huiua. Mgonjwa mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu au mwenye kinga dhaifu sana asiiguse, maana inaweza kuingia kwenye damu.

Ya pili ni Lactobacillus rhamnosus GG. Hii ni bakteria, hivyo ipishane na antibayotiki kwa saa mbili. Herufi GG zisipoandikwa, rudisha kopo: waliopimwa ni GG, si kila rhamnosus. Tafuta CFU (hesabu ya bakteria hai) bilioni 5 au zaidi, iliyohakikishwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Hesabu ya siku ya kutengenezwa haikusaidii, hasa kopo likiwa limekaa kwenye joto. Kama mtoto tayari anaharisha, pesa hiyo nunua ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki.

Ya tatu, mtindi wenye bakteria hai. Uganda kuna chachu ya Yoba, ambayo mmoja wa bakteria wake ni GG yuleyule kwa jina lingine. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda hauna kitu hai.

Ya mwisho ni kopo linalouzwa kwa sifa ya "antioksidanti", yaani kuzuia kemikali zinazoharibu seli. Majaribio mengi ni madogo na hupima kemikali za damu kama malondialdehaidi, dalili ya uharibifu huo. Kushuka kwake hakujathibitisha kwamba mtu ataugua kidogo. Likiwa limeongezwa beta-karotini (kiini ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A), mvutaji sigara aliache kabisa: Ufini, katika utafiti wa wavutaji 29,133 uliochapishwa 1994, waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18.